Maswali ya wasomaji: Kilo tatu zilizoleta hofu nyumbani

SWALI

Dada, nakuandikia usiku, watoto wamelala. Binti yangu ametimiza miaka 15 mwezi uliopita. Amenipita mimi, amempita baba yake, amewapita walimu wote wa shuleni kwake: ana urefu wa mita 1.81. Anacheza mpira wa wavu. Mazoezi ni siku tano kwa wiki, saa mbili kila siku, na Jumamosi kuna mechi. Tangu mdogo alikuwa mtoto wa kula vizuri na kucheka.

Wiki nane zilizopita walipimwa afya shuleni. Akarudi na kadi: kilo 80, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 24.4, na chini yake maneno mawili, "uzito uliozidi". Usiku ule sikupata usingizi. Kwetu kuna kisukari na shinikizo la damu. Mama yangu nimemuuguza kwa mikono yangu miwili hadi mwisho. Nikasema haya hayatamfika mwanangu. Nikaanza kumpunguzia chakula. Siku moja mezani, mbele ya wadogo zake, nikamwambia, "Wewe hapo inatosha." Kocha naye nilipomwonyesha kadi akasema akipunguza kilo tano ataruka juu zaidi.

Sasa anajipima kila asubuhi, mlango umefungwa. Jioni anasema ameshiba, alikula shuleni. Rafiki yake ameniambia kwa siri kwamba mchana huwa anagawa chakula chake. Anavaa sweta hata kukiwa na joto. Juzi kwenye mechi, seti ya tatu, alikaa chini ghafla akasema anaona giza. Amepungua kilo tatu ndani ya wiki sita. Nilipaswa kufurahi. Mbona ndiyo naogopa zaidi? Niendelee kumpunguzia au nimwache? Na kilo 80 kwa mtoto wa miaka 15, si nyingi mno?

Mama mwenye wasiwasi

JIBU

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale ulipoandika "Nilipaswa kufurahi." Hofu yako ya sasa imeona kitu ambacho kadi haina macho ya kukiona. Hofu ya kwanza ndiyo iliyokupoteza njia, na wala sikulaumu. Mtu aliyeuguza mzazi mwenye kisukari hawezi kuona neno "uzito" kwenye karatasi akatulia.

Tufanye hesabu pamoja, maana aliyeandika ile kadi hakukufafanulia. BMI hupatikana kwa kuchukua uzito na kuugawa kwa urefu uliozidishwa kwa urefu huohuo. 1.81 mara 1.81 ni 3.28 hivi. Gawa 80 kwa namba hiyo, unapata 24.4. Kwa mtu mzima, uzito uliozidi huanzia 25, kwa hiyo angekuwa na miaka 20 asingeandikiwa neno lolote. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19, Shirika la Afya Duniani lina chati zake za mwaka 2007, na humo mpaka unapanda kidogokidogo kadiri mtoto anavyokua. Kwa msichana aliyetimiza miaka 15 mpaka uko kwenye 23.5 hivi. Sasa geuza hesabu: kwa urefu wa binti yako, 23.5 ni kilo 77.

Kilichokunyima usingizi, dada, ni kilo tatu. Mpaka wa ule unene wa kupindukia, unaohitaji kufuatiliwa kwa karibu na daktari, kwa urefu wake uko kwenye kilo 92 hivi. Hajaukaribia.

Hata hizo kilo tatu nina neno nazo. Chukua msichana wa umri wake mwenye urefu wa mita 1.62, ambao ndio urefu wa kati kwa miaka 15 kwenye chati hizo, na uzito wa kilo 55. BMI yake ni 21. Hakuna atakayemwandikia kitu. Sasa mkuze msichana huyohuyo kama unavyokuza picha, bila kumbadilisha umbo hata chembe, mpaka afike mita 1.81. Ameongezeka kwenda juu, ameongezeka upana, ameongezeka na unene wa mbele kwenda nyuma. Uzito wake utafika karibu kilo 77, na BMI itapanda hadi 23.4. Ni mwili uleule, kiuno kilekile kwa uwiano, lakini amefikishwa ukingoni kabisa mwa mpaka kwa sababu tu ni mrefu. Mwili una pande tatu, na fomula hii inahesabu mbili. Ni kweli watu warefu hawakui sawasawa kama picha, wengi huwa wembamba kidogo kuliko hesabu hiyo, lakini bado fomula huwaonea, na kwa vijana wanaorefuka mapema kuliko wenzao huwaonea zaidi.

Aliyeibuni fomula hiyo hakuwa hata daktari. Alikuwa mtaalamu wa hisabati na takwimu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, katika miaka ya 1830, naye alikuwa akitafuta kuelewa mtu wa wastani katika kundi la watu. Jina la BMI lilikuja baadaye sana, mwaka 1972. Kwa kuangalia shule nzima au nchi nzima, kipimo hiki kina faida kubwa, na kwa mtoto mmoja ni kama kubisha hodi: kinakuambia uingie uangalie, hakikuambii utakachokikuta ndani. Kosa la ile kadi ni kwamba ilibisha hodi halafu ikaandika hukumu.

Halafu kuna misuli. Lita moja ya misuli ina uzito wa kilo 1.06 hivi, lita moja ya mafuta ya mwilini ni gramu 900. Msichana anayeruka na kutua mara mamia kwa wiki ana mapaja na mgongo wa kazi, na mifupa iliyoshiba. Mizani haiulizi kilo ni za nini. Na ukumbuke amepita kwenye balehe juzijuzi tu. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kabla ya kuvunja ungo, halafu uzito ndio unaofuata, miezi sita hadi mwaka baadaye, na kilo nane kwa mwaka mmoja si jambo la kushangaza. Nyonga hupanuka, na mafuta kiasi hujipanga mapajani na kifuani kwa sababu mwili wa mwanamke unayahitaji ili hedhi iende. Mzazi anayeona hayo akadhani mtoto "ameanza kunenepa" anatazama kazi ya kawaida ya maumbile na kuiita ugonjwa.

Ungekuja kwangu na kadi ile peke yake, ningekuomba utafute kadi zake zote za zamani, tangu kliniki. Kama tangu akiwa na miaka mitano uzito na urefu wake vimekuwa vikipanda kwa pamoja karibu na mistari ya juu, basi huyo ndiye yeye. Kinachonishtua mimi ni mstari unaoruka ghafla, kupanda au kushuka, urefu ukiwa umebaki palepale. Ningekuuliza pia kuhusu kiuno. Kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu, kwake yeye chini ya sentimita 90 na nusu, sina haraka. Tafadhali usimfuate na utepe. Suruali yake ya mazoezi inakutosha kujua. Ningeuliza kama ngozi ya shingoni au kwapani imekuwa nyeusi na nene kama mahameli, kama anakoroma sana usiku, kama anahema kwa shida kwenye ngazi ambazo wenzake wanapanda. Hizo ndizo dalili za uzito unaoumiza. Msichana anayecheza seti tano za mpira wa wavu sidhani kama anazo.

Kisukari cha mama yako usikipuuze, ila kipe jibu lake halisi. Mpeleke apimwe shinikizo la damu na sukari. Ni vipimo vya muda mfupi, na vitakuambia jambo ambalo sahani iliyopunguzwa haiwezi kukuambia kamwe.

Sasa nije kwenye kilo tatu nyingine, zile alizopungua.

Mimi nilicheza mpira wa kikapu kuanzia miaka 13. Nilikuwa mrefu kuliko wote kwenye timu, na mzito kuliko wote. Kocha wetu alikuwa na desturi ya kutupima kila Ijumaa, tumepanga mstari, na uzito wa kila mmoja unasomwa kwa sauti. Nilipokuwa na miaka 16 niliamua kwamba jina langu halitasomwa tena likifuatwa na namba kubwa. Niliacha chakula cha mchana. Baadaye nikaacha na cha asubuhi. Nilisifiwa. Nilisifiwa na kocha, na majirani, hata na mama yangu, Mungu amrehemu, ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Hedhi yangu ilikata miezi saba na sikumwambia mtu. Niliona kama nimepunguziwa mzigo. Mwaka uliofuata mguu wangu wa kushoto ukaanza kuuma kwenye muundi kila ninapotua, nikawa naufunga kitambaa na kuendelea, mpaka picha ikaonyesha mfupa una ufa. Si kwamba nilianguka wala kugongwa na mtu. Mfupa ulichoka kwa sababu haukuwa unalishwa.

Sikuwa na jina la kilichonipata hadi mwaka 2014, pale jopo la wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki lilipoandika kwa urefu kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo. Nilisoma nikiwa mtu mzima, muuguzi mwenye kazi yangu, nikalia mezani. Maelezo yake ni haya. Mazoezi hukata fungu lake la chakula kwanza. Kinachobaki ndicho mwili unachotumia kwa kazi nyingine zote: moyo, ubongo, kinga, mifupa, hedhi, kukua. Kikiwa kidogo mno, mwili huanza kuzima taa chumba kimoja baada ya kingine. Huzima hedhi. Hupunguza ujenzi wa mifupa. Kinga hushuka, mafua hayaishi. Moyo hupiga polepole, mtu husikia baridi wakati wengine wanavua nguo, na akisimama ghafla huona giza. Hutokea kwa wasichana na kwa wavulana pia. Na mtu anaweza kuwa katika hali hiyo mizani ikisoma kilo 77, kwa hiyo usimsubiri akonde ndipo uamini.

Rudia barua yako, dada. Sweta kwenye joto. Giza machoni seti ya tatu. Sweta huenda ni la kuficha mwili anaouonea haya, huenda ni baridi kweli; vyote viwili vinanitia wasiwasi. Lipo swali ambalo hukuligusa nami sina budi kuliuliza: siku zake zinakuja kama kawaida? Muulize ukiwa naye peke yenu. Zikikatika miezi mitatu mfululizo, hiyo ni safari ya hospitali. Msichana ambaye hajaziona kabisa hadi anatimiza miaka 15, naye pia apelekwe.

Ungependa kujua kwa nini naongea kwa msisitizo hivi. Mwaka 1999 watafiti wa Australia walichapisha matokeo baada ya kufuatilia karibu wanafunzi 2,000 wa miaka 14 na 15 kwa miaka mitatu. Wasichana waliokuwa wakijinyima chakula kwa ukali walikuwa na uwezekano mara 18 zaidi wa kupata ugonjwa wa ulaji kuliko wasiojinyima. Hata waliojinyima kwa kiasi, walikuwa mara tano. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwaandikia madaktari wake mwongozo unaohusu unene na magonjwa ya ulaji kwa pamoja, na ushauri wake kwa wazazi ulikuwa huu: msiwawekee vijana mlo wa kupunguza uzito, msizungumzie uzito wao wala wenu mbele yao, kuleni pamoja mezani. Ndivyo walivyoandika, wakihofia unene na hofu ya unene kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo jibu la swali lako: acha kumpunguzia, leo. Lakini kuacha kimya kimya hakutoshi, kwa sababu maneno "wewe hapo inatosha" aliyasikia na anayabeba. Yanahitaji kuondolewa na mdomo uleule ulioyaweka. Mtafute mkiwa mnafanya kazi, mikono ina shughuli, macho hayalazimiki kukutana. Mwambie: "Mwanangu, ile kadi ilinitisha kwa sababu ya bibi yako. Nilikosea kukukataza chakula. Nilikosea zaidi kukusema mbele ya wadogo zako. Mwili wako hauna kosa." Halafu nyamaza. Anaweza kujibu "Sawa, mama" akaondoka, usimfuate. Anaweza kukasirika, na ana haki. Usiseme "lakini". Na kwa wiki hizi usimsifu kwa kupungua wala kwa kula, maana vyote viwili vinamwambia kwamba bado unahesabu.

Mizani itoke bafuni. Usiifiche kabatini, iondoe kabisa nyumbani, na umwambie umeiondoa kwa sababu hata wewe imekukosesha amani.

Kwenye sahani sitaki uhesabu chochote. Mchezaji wa saa mbili kwa siku, mwenye urefu ule, anahitaji milo mitatu iliyokamilika na kitu cha kula kabla na baada ya mazoezi. Wanga ndio unaomrusha; akiukata, miguu inakuwa mizito ifikapo seti ya tatu. Protini iwepo kila mlo, isirundikwe usiku. Kalsiamu anahitaji miligramu 1,300 kwa siku, kiasi kikubwa kuliko unachohitaji wewe mama yake, maana umri huu ndio wa kuweka akiba ya mifupa. Madini ya chuma ni miligramu 15, na wasichana wanaokimbia sana huishiwa haraka, kwa hiyo mwombe daktari apime damu. Na alale vya kutosha, muda wa saa nane hadi kumi kila usiku. Mle pamoja pale inapowezekana, nawe kula mbele yake chakula kilekile bila kusema "mimi najizuia". Mabinti hutusikiliza zaidi tunapojisema wenyewe kuliko tunapowasema wao.

Kocha nenda kamwone wewe, bila binti. Kuruka juu ni nguvu ya miguu ikilinganishwa na uzito, hapo hajakosea. Kosa ni kudhani kwamba kilo tano zikiondoka kwa njaa zitaondoka na mafuta peke yake. Mwili wenye njaa unakula misuli yake, yaani ile ile inayomrusha. Mwombe mambo mawili: asiutaje uzito wa mtoto huyu tena, na akiona kizunguzungu amtoe uwanjani na akupigie simu. Kocha mwema ataona haya kidogo kisha atakushukuru. Akikubishia, andika tena, tutaongea juu ya kubadili timu. Kumtoa kwenye mchezo wenyewe nisingependa, isipokuwa daktari aseme apumzike. Wavu ndipo mahali ambapo urefu wake ni zawadi.

Kwa daktari mpeleke wiki hii, usingoje. Kizunguzungu cha mechini ndicho sababu, na ndicho umwambie binti: "Tunakwenda kuona kwa nini uliona giza." Omba wapime mapigo ya moyo na shinikizo akiwa amelala na akiwa amesimama, damu, na sukari. Omba pia asisomewe uzito wake kwa sauti. Anaweza kupanda kwenye mizani akiwa ameipa mgongo, na mhudumu mwenye busara hatakataa. Mweleze daktari yote uliyoniambia mimi, ukiwa naye peke yenu. Ukimsikia anatapika baada ya kula, akizimia, akikataa chakula siku nzima, au akitamka kwamba hataki kuishi, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Niandikie mwezi ujao. Sihitaji kilo zake. Niambie kama amecheka mezani.

SWALI

Dada, wewe ulicheza kikapu, utanielewa. Kijana wangu ana miaka 16, mita 1.93, kilo 62. Anakula chakula cha watu wawili na haongezeki. Wenzake wanamwita mlingoti. Kuna mtu kwenye timu anamshawishi anywe poda za kujenga misuli. Nimnunulie?

Baba wa kijana mrefu

JIBU

Kaka, usinunue. Chakula cha kawaida kina protini yote anayoihitaji, na baadhi ya poda zimewahi kukutwa na vitu ambavyo havikuandikwa kwenye kopo, hata dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Wavulana hurefuka kwanza, misuli huja nyuma yake, mara nyingi mwaka mzima nyuma, na wengi huendelea kujaa hadi miaka 18 na kuipita. BMI yake ni 16.6. Mpaka wa wembamba uliopitiliza kwa umri wake ni 16.5 hivi, kwa hiyo yuko juu yake kwa unywele tu. Kijana anayekula vizuri, ana nguvu na hajapungua kilo, kwa kawaida anahitaji muda, na mlo wa ziada kabla ya kulala.

Ila yapo mawili ambayo nisingelala bila kuyaangalia.

La kwanza, anakunywa maji kupita kiasi na kuamka usiku kukojoa? Mtoto anayekula sana na kukonda anaweza kuwa na kisukari cha aina ya kwanza, na hicho kinataka hospitali siku hiyohiyo.

La pili ni urefu wenyewe. Flo Hyman alikuwa nyota wa mpira wa wavu wa Marekani, mita 1.96, mwenye medali ya fedha ya Olimpiki ya 1984. Januari 1986, akiwa na miaka 31, alitolewa nje katikati ya mechi huko Japani, akakaa benchi, akaanguka pale na kufa. Mshipa mkuu unaotoka moyoni ulikuwa umepasuka. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi uitwao Marfan, unaolegeza nyuzi zinazoshikilia mwili, na hakuna aliyeujua mpaka alipokufa. Ndugu yake wa kiume alipopimwa baadaye, naye alikutwa nao. Unampata mtu mmoja hivi kati ya 5,000, kwa hiyo yaelekea kijana wako hana. Lakini walio nao huwa warefu na wembamba, wana vidole virefu vilivyochongoka, kifua kilichobonyea au kutokeza, mgongo uliopinda, na macho yasiyoona mbali tangu utotoni.

Jioni hii msimamishe ukutani anyooshe mikono, upime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Wachezaji wengi wa kikapu wana mikono mirefu na wazima kabisa, hivyo namba hiyo peke yake isikutishe. Ikizidi mita 2.03, au akiwa na dalili zile nyingine hata mbili, au kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana, mpeleke afanyiwe kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Hakiumi. Na kama amewahi kuzimia au kubanwa kifua akiwa anakimbia, asirudi uwanjani hadi majibu yatoke, hata kama Jumamosi ni fainali.

Akikuuliza kwa nini unampima mikono, mwambie habari za Flo Hyman. Ana miaka 16, ataelewa.